Chai ya kila siku: ongeza majani, usiongeze dakika

Mtu akiniambia hapendi chai kavu, isiyo na maziwa, kwa sababu ni chungu, huwa namuuliza swali moja: majani yanakaa kwenye maji muda gani? Mara nyingi hajui, au kifuko kinabaki kikombeni mpaka tone la mwisho. Wengi wetu tukitaka chai iliyokolea tunaichelewesha, na hapo ndipo tunapoiharibu. Kafeini na sehemu kubwa ya harufu hutoka mapema. Ukakasi, ule unaokausha ulimi, unazidi kutoka kadiri majani yanavyoendelea kulowa. Chai iliyokolea hupatikana kwa majani mengi zaidi ndani ya muda uleule. Ukiishika hiyo, mengine yote ni marekebisho madogo.

Kwanza ujue unanunua nini. Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe na oolong zote zinatoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis; kinachozitofautisha ni namna majani yanavyoshughulikiwa baada ya kuchumwa. Chai nyeusi yenyewe ina sura mbili. Ipo ya punje, inayoitwa CTC, ambayo majani yake hupitishwa kati ya roli zenye meno, yakapondwa, yakachanwa na kuviringwa kuwa vipunje vigumu. Njia hiyo ilianza Assam, India, miaka ya 1930, na chai nyingi ya Kenya hutengenezwa hivyo. Halafu ipo ya majani yaliyosokotwa bila kupondwa, ambayo yakilowa hukunjuka na unaweza hata kuona ukingo wa jani. Punje hutoa rangi upesi, ni nzito, na zinahimili maziwa. Majani ya kusokotwa hukolea taratibu, yana harufu nyingi zaidi, na maziwa huyafunika. Kwa hiyo jiulize kwanza unakunywaje chai yako, ndipo uchague. Anayeweka maziwa kila siku hana sababu ya kununua majani marefu ya bei kubwa.

Herufi zilizoandikwa kwenye paketi, kama OP, BOP, BP1, PF1 au D1, zisikutishe. Zinaeleza hasa ukubwa wa jani au punje baada ya kuchekechwa. Hazikuambii kama chai ni tamu. D1 ni vumbi la chai, na lipo vumbi zuri sana kama yalivyo majani marefu mabovu.

Mimi naamini macho, pua na vidole. Mimina kijiko kimoja juu ya karatasi nyeupe. Chai nzuri ina punje zinazolingana ukubwa, nyeusi au kahawia iliyokolea, zenye mng'ao kidogo. Ukiona nyuzinyuzi na vijiti vyekundu vingi, hivyo ni vikonyo vya majani, na vinatoa maji tu ya rangi yasiyo na ladha. Sogeza pua: inatakiwa inukie vizuri hata ikiwa kavu. Ikinuka kama kabati au sabuni, imekwisha kuvuta harufu za jirani zake. Kisha bana jani kati ya vidole viwili. Likivunjika kwa mlio mdogo, ni kavu. Likipinda, limeingiwa na unyevu, na hakuna ufundi wa jikoni utakaolirudisha.

Kifuko nacho kifanyie hivyohivyo. Kikate kwa mkasi, ukimwage. Utaona chengachenga ndogo, na watu wengi wakiziona husema ni mabaki ya kiwandani. Si kweli. Ni ukubwa uliochaguliwa makusudi, kwa sababu jani dogo hugusana na maji kila upande na hukolea ndani ya dakika mbili au tatu. Udhaifu wake ni kwamba hupoteza harufu upesi likiachwa wazi. Ndiyo maana napendelea vifuko vilivyofungwa kimojakimoja, au pakiti ndogo inayokwisha mapema. Vile vifuko vya wavu unaong'aa mara nyingi ni plastiki. Hata baadhi ya vile vya karatasi hushikizwa kwa plastiki, kwa hiyo soma pakiti kabla ya kuvitupa kwenye mboji.

Sasa maji. Mwaga yaliyolala kwenye birika, ujaze mapya. Kama juu ya chai yako hutanda utando mwembamba unaopasuka vipandevipande ukikoroga, maji yako yana kalsiamu nyingi, usilaumu majani. Chujio la maji linasaidia sana hapo. Chai nyeusi inataka maji yanayochemka kwelikweli, yamiminwe palepale. Ya kijani inataka nyuzi 70 hadi 80 hivi, maana maji ya moto sana huitia uchungu. Kama huna kipimajoto, mimina maji yaliyochemka kwenye chombo baridi, kisha uyahamishie kingine, ndipo yaende kwenye majani.

Kuhusu kipimo, wataalamu wa kuonja chai wana kiwango chao cha kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Hiyo ni chai ya kulinganishia na kutafutia kasoro, haikukusudiwa kuburudisha. Kwa kunywa, mimi huanzia gramu 2 na nusu kwa kikombe cha mililita 200, dakika 3 kwa punje na 4 kwa majani marefu. Kijiko cha chai kinadanganya: cha punje kilichosawazishwa kinatosha, lakini majani marefu ni mepesi na yana nafasi katikati yake, hivyo yanataka kijiko cha kujaa kilima. Mizani ndogo ya jikoni ikitumika wiki ya kwanza, jicho linazoea. Na kifuko kimoja cha kawaida kina gramu 2 hivi. Ukikitia kwenye kikombe kikubwa cha mililita 350, hata kikikaa humo kutwa hutapata chai nzuri. Weka viwili.

Pasha buli moto kwa maji kidogo, uyamwage. Tia majani, mimina maji, funika, angalia saa. Katikati koroga mara moja. Muda ukitimia chuja chai yote, hata kama kikombe cha pili utakunywa baadaye. Chai inayobaki na majani ndani ya buli inaendelea kuzidi ukakasi. Vile vichujio vidogo vya duara sivipendi kwa majani marefu. Jani likilowa hutanuka mara kadhaa, na likikosa nafasi katikati hubaki kavu. Tumia chujio pana linalozama mpaka karibu na sakafu ya kikombe. Majani hayo yanaweza kuwekewa maji mara ya pili, ukiongeza dakika moja au mbili. Punje zilizotumika zitupe.

Kwa kifuko, anza na kifuko kikombeni, maji yafuate. Funika kwa kisahani. Ukikitoa kiache kidondoke chenyewe, usikikamue.

Maziwa yasitangulie kifuko, kwa kuwa yanapoza maji kabla majani hayajatoa kitu. Yakija baadaye yanafanya kazi nzuri: protini zake hushikamana na vile vitu vya ukakasi, ndiyo maana chai huwa laini mdomoni. Ukipikia sufuriani, chemsha punje na maji peke yake dakika mbili hivi, ndipo umimine maziwa.

Mawili ya afya, maana nayajali. Usinywe ikiwa inaunguza: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Na mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na mlo. Asubiri saa moja, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mimea.

Majani yaweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, lisilopitisha mwanga, mbali na jiko na viungo. Friji hapana, lina unyevu na harufu. Buli lisugue kwa soda ya kuokea, ulisuuze vizuri. Sabuni yenye manukato huacha harufu inayokuja kwenye kikombe kinachofuata. Birika lenye magamba meupe chemshia maji yenye siki, yaache nusu saa, kisha lichemshe kwa maji matupu mara mbili kabla ya kulitumia.