Namna halmashauri inavyoweza kuisaidia sekta ya mafuta na gesi bila kujipunja

Leseni ya kutafuta mafuta hutolewa na serikali kuu, mikataba husainiwa wizarani, na kodi kubwa huingia hazina moja kwa moja. Kwa sababu hiyo madiwani na watendaji wengi hujiona watazamaji, ambao kazi yao ni kuwapokea wageni, kuhudhuria uzinduzi na kungoja mgawo. Hata hivyo, kampuni ikishapata leseni yake, mengi inayoyahitaji kila siku yamo mikononi mwa mamlaka ya mtaa: vibali vya ujenzi, barabara za kupitishia mitambo, maji, mahali pa kutupa taka, viwanja vya kambi na maghala, kikosi cha zimamoto, na zaidi ya yote, maelewano na wananchi wanaoishi juu ya mwamba wenye gesi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya madiwani, wakurugenzi na maofisa mipango, na msimamo wake ni kwamba halmashauri itoe kwa ufanisi zile huduma ambazo hakuna mwingine awezaye kuzitoa, itoze gharama zake halisi, na isigawe misamaha ya kodi ili kukivutia kitu kisichoweza kuhama.

Jueni kwanza kazi imefikia hatua gani

Kabla ya kuahidi chochote, halmashauri iiulize kampuni na mdhibiti wa sekta iwapo kazi iliyopo ni utafutaji, uendelezaji au uzalishaji, kwa maana mahitaji ya hatua hizi hayafanani. Wakati wa utafutaji huja kikosi cha kupima mitetemo ya ardhi, hukaa kwa miezi kadhaa, kikaondoka. Visima vingi vya utafutaji huishia bila kupata kiasi kinachofaa kibiashara. Uendelezaji ndio unaoleta maelfu ya wafanyakazi, malori na kelele kwa miaka michache, na uzalishaji unaofuata unaweza kudumu miongo kadhaa huku ukiendeshwa na watu wachache wenye ujuzi maalumu. Halmashauri inayojenga stendi mpya na masoko kwa kutegemea idadi ya watu wa kipindi cha ujenzi itabaki na majengo matupu.

Muda nao hurefuka kuliko wanasiasa wanavyopenda kukiri. Nchini Uganda mafuta ya bonde la Ziwa Albert yaligunduliwa mwaka 2006, lakini uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022, yaani miaka 16 baadaye. Huko Turkana nchini Kenya ugunduzi ulitangazwa mwaka 2012, na zaidi ya miaka kumi ikapita bila uzalishaji wa kibiashara kuanza. Katika vipindi kama hivyo bei za viwanja na kodi za nyumba hupanda kwa matumaini matupu, kama ilivyotokea Sekondi-Takoradi nchini Ghana baada ya ugunduzi wa mafuta ya baharini katika eneo la Jubilee mwaka 2007. Kwa hiyo msaada wa kwanza, tena usio na gharama kubwa, ni kuwaeleza wananchi mara kwa mara, kwa lugha yao na kwa maandishi yanayobandikwa kwenye mbao za matangazo, kazi imefikia wapi na ajira ngapi zinatarajiwa katika hatua hiyo. Wananchi wakikosa maelezo kutoka halmashauri, watayapata kwa walanguzi.

Dawati moja lenye kalenda

Mtambo wa kuchorongea katika bahari ya kina kirefu hukodishwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku moja. Mwenye kukodi mtambo huo haumizwi na ada ya kibali. Huumizwa na wiki mbili za kusubiri sahihi ya mtu aliyekwenda semina. Hapo ndipo halmashauri inapoweza kuwa na msaada mkubwa bila kutoa hata senti ya msamaha. Iteue ofisa mmoja, na naibu wake, wa kuratibu masuala yote ya mafuta na gesi. Ichapishe orodha ya vibali vyake, viambatisho vinavyotakiwa, ada na idadi ya siku za kujibu. Na ihakikishe kwamba idara za ardhi, afya, mazingira na ujenzi zinapitia maombi kwa pamoja badala ya kurushiana majalada.

Ofisa huyo atunze pia daftari la ahadi, ambamo kila ahadi iliyotolewa na kampuni au na halmashauri mbele ya wananchi huandikwa pamoja na tarehe, jina la cheo cha aliyeahidi na hatua ya utekelezaji. Migogoro mingi huanzia kwenye kauli iliyotolewa mkutanoni na kusahauliwa na aliyeitoa, ilhali walioisikia hawakuisahau. Mwezi Juni 2018 wakazi wa Turkana walizuia malori yaliyokuwa yakisafirisha mafuta ghafi kwenda Mombasa, wakidai usalama na nafasi za ajira na zabuni. Shughuli zilisimama kwa wiki kadhaa. Dawati la halmashauri ndilo mahali ambapo malalamiko ya namna hiyo yanapaswa kupokelewa na kujibiwa yakiwa bado madogo.

Jambo moja la pembeni, ambalo miongozo mingi hulipita kimya: diwani mwenye malori ya kukodisha, au mwenye viwanja pembezoni mwa mkuza wa bomba (ukanda wa ardhi uliotengwa kupitishia bomba), atangaze masilahi yake na asikae kwenye kikao kinachoamua jambo hilo. Kanuni hiyo iandikwe kabla ya mradi kufika, maana baadaye itaonekana kama inamlenga mtu fulani.

Ardhi na eneo moja la mitambo

Mfano bora wa serikali ya mtaa iliyojipanga mapema unatoka visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Mafuta yalipogunduliwa karibu na visiwa hivyo katika Bahari ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1970, baraza la visiwa hivyo, lililowakilisha watu wasiozidi 20,000 hivi, liliomba bunge la Uingereza lilipatie sheria yake lenyewe, na mwaka 1974 likaipata. Sheria hiyo ililiwezesha kutwaa ardhi kwa lazima katika eneo la Sullom Voe na kuwa mamlaka ya bandari hapo. Matokeo yake ni kwamba kampuni zilizokuwa zikichimba visima tofauti zililazimika kutumia kituo kimoja badala ya kila moja kuchafua ghuba yake, huku baraza likilipwa ada za bandari na malipo ya usumbufu, ambayo mwaka 1976 yaliwekwa katika mfuko wa hisani kwa ajili ya wakazi. Mafuta ya kwanza yalifika kituoni mwaka 1978. Tazama mpangilio wa tarehe hizo: sheria ilitangulia, mfuko ukafuata, mafuta yakaja mwisho.

Si kila halmashauri inaweza kupata sheria yake bungeni, lakini mambo manne ya mwelekeo huo yanawezekana. Pitisheni mpango wa matumizi ya ardhi unaotaja wazi eneo la viwanda, eneo la kambi na umbali wa usalama kutoka makazi. Tangazeni pamoja na mthamini wa serikali tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali zinazostahili fidia, kisha hakikisheni malipo hayachelewi, kwa sababu mkulima aliyekatazwa kupanda mazao ya kudumu kwa miaka mitatu akingoja fidia amekwisha kupata hasara ambayo jedwali la uthamini haliioni. Zitakeni kampuni zitumie miundombinu kwa pamoja kila inapowezekana. Na kambi za wafanyakazi zipewe kibali cha muda chenye tarehe ya kuisha, kikieleza ni nani atakayeondoa mabomba ya maji taka.

Barabara

Hapa ndipo halmashauri nyingi hupata hasara kubwa kuliko zote bila kujua. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uharibifu wa lami huongezeka kwa karibu kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli ikibebeshwa uzito maradufu, uharibifu huwa mara 16 hivi. Kisima kimoja kinachopasua miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa kinaweza kuhitaji zaidi ya safari elfu moja za malori. Barabara ya changarawe iliyojengwa kwa ajili ya basi na matrekta haihimili hali hiyo hata msimu mmoja.

Utaratibu unaofaa ni mkataba wa matumizi ya barabara, unaosainiwa kabla lori la kwanza halijapita. Mhandisi wa halmashauri na wa kampuni waipite barabara pamoja, waipige picha za video tangu mwanzo hadi mwisho, wapime unene wa tabaka na hali ya madaraja, kisha wote wawili watie sahihi taarifa hiyo. Mkataba utaje njia zinazoruhusiwa, saa ambazo malori hayatapita karibu na shule, kikomo cha uzito, namna ya kumwagia maji vumbi, na dhamana ya benki ambayo halmashauri inaweza kuichukua iwapo matengenezo hayatafanyika. Katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako gesi ya miamba imechimbwa kwa wingi, dhamana za namna hiyo hutakiwa kwa barabara zenye kikomo cha uzito, na kampuni hazikukimbia kwa sababu hiyo. Mara nyingi kampuni huamua kuiimarisha barabara mapema kwa gharama yake, kwa kuwa lori lililokwama nalo ni hasara kwake.

Zabuni za wazawa

Wafanyabiashara wa eneo hukosa zabuni kwa sababu za kawaida sana: hawana vyeti vya usalama kazini, zabuni ni kubwa mno kwa mtaji wao, au waliwahi kupata kazi na wakafilisika wakisubiri malipo. Halmashauri iandae daftari la wazabuni waliohakikiwa, iombe kampuni itoe mpango wake wa manunuzi wa miezi 12 ijayo, ishawishi zabuni za chakula, usafi, usafiri na ulinzi zigawanywe vipande vidogo, na idai kifungu cha kuwalipa wakandarasi wadogo ndani ya siku 30. Chuo cha ufundi kifundishe uchomeleaji kwa kiwango kinachothibitishwa na taasisi inayotambuliwa na sekta yenyewe. Cheti kisichotambulika getini hakimsaidii kijana.

Zimamoto na ramani za mabomba

Tarehe 9 Septemba 2010 bomba la gesi lililipuka katika mji wa San Bruno, California, likaua watu 8 na kuteketeza nyumba 38. Waokoaji wa kwanza walidhani kwamba ndege imeanguka, kwa sababu hawakujua kwamba bomba kuu la gesi lilipita chini ya mtaa huo, na ilichukua dakika zipatazo 95 mwenye bomba kuzuia gesi. Kikosi cha zimamoto cha halmashauri lazima kiwe na ramani sahihi ya kila bomba, mahali zilipo vali za kufungia, namba ya chumba cha uendeshaji inayojibiwa usiku na mchana, na vifaa vya kupimia gesi, hususan pale ambapo gesi ina sumu ya hidrojeni salfaidi. Mazoezi ya pamoja yafanyike kila mwaka na gharama zake zibebwe na kampuni. Hili si la kulionea haya.

Fedha

Chunguzeni sheria inawapa nini. Kenya, kwa sheria yake ya mafuta ya mwaka 2019, imetenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo; Uganda imetenga asilimia 6 ya mrabaha (malipo ya kampuni kwa serikali kulingana na mafuta yanayochimbwa) kwa serikali za mitaa za maeneo husika; Tanzania huziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa asilimia ndogo ya mauzo. Kila mfumo una udhaifu wake, lakini udhaifu unaoumiza zaidi ni kwamba halmashauri hupokea hundi bila kuwa na namna ya kuihakiki. Ombeni kwa mdhibiti takwimu za uzalishaji na bei za kila robo mwaka, mzilinganishe na kile mlicholipwa, na mkiona tofauti mwandike barua rasmi mapema.

Kuhusu misamaha, nasisitiza kwamba kisima hakiwezi kuhamishiwa wilaya jirani, hivyo kukipunguzia kodi ni kutoa zawadi. Kinachoweza kuhama ni karakana, maghala, ofisi za wahandisi na vituo vya kuhudumia meli. Stavanger nchini Norwei ilielekeza nguvu zake huko, kwa kutayarisha viwanja, bandari na nyumba, na mwaka 1972 ikafanywa makao makuu ya kampuni ya taifa ya mafuta.

Fedha zikianza kuingia, zisitumike kulipa mishahara ya kudumu. Bei ya pipa ilikuwa juu ya dola 100 katikati ya mwaka 2014, na mwanzoni mwa mwaka 2016 ilishuka chini ya dola 30. Mji wa Williston huko North Dakota, ambao wakazi wake waliongezeka kutoka takriban 14,700 mwaka 2010 hadi takriban 29,000 mwaka 2020, ulikuwa umekopa kwa ajili ya barabara na maji taka wakati mapato yalipoporomoka. Nchini Brazili, watafiti waliolinganisha manispaa zinazopata mrabaha na zisizopata waligundua kwamba matumizi yaliyoripotiwa yaliongezeka sana ilhali huduma na hali za maisha hazikuboreka kwa kiwango kinacholingana. Wekeni basi kikomo katika bajeti: sehemu ya kawaida iende kwenye miradi yenye ukomo, na ziada ya miaka mizuri iingie katika akiba yenye masharti magumu ya kuifungua.

Hatimaye, mkataba wowote mtakaosaini uwe na ukurasa wa kufunga kazi, unaoeleza visima vitazibwaje, udongo utapimwa na nani, visima vya maji na zahanati ya kambi vitakabidhiwa kwa nani pamoja na bajeti ya kuviendesha, na fedha za kazi hiyo zitaanza kuwekwa kando mwaka upi. Ukurasa huo ujadiliwe wakati kampuni bado inahitaji sahihi yenu, kwa kuwa miaka 25 baadaye huenda mwenye leseni akawa mwingine kabisa.