Majani Mekundu ya Septemba: Jinsi Ninavyopiga Foto za Miombo Karibu na Lubumbashi

Kazi inayonilisha ni foto za harusi na za pasipoti, katika chumba kimoja huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Jumamosi niko kanisani, kisha ukumbini hadi usiku. Jumapili ninapumzika. Lakini kuanzia mwisho wa Agosti hadi mvua ya kwanza, kila Jumatatu asubuhi mlango wa studio unafungwa nami ninaenda porini, kwa sababu majani hayamngojei mtu.

Wateja wakiziona foto hizo ukutani huniuliza kama nilizipiga Kanada. Ni barabara ya Kasenga, mbele kidogo ya mashamba. Kule Ulaya na Kanada miti huwa myekundu majani yakiwa yanakufa. Kwetu ni kinyume. Miombo hupukutisha majani kiangazi kikikaza, halafu wiki kadhaa kabla ya mvua, udongo wa juu ukiwa bado mkavu kama kigae, inachipua upya kwa maji ambayo mizizi inayapata chini. Majani hayo machanga ndiyo mekundu. Rangi yenyewe ni ileile ya majani ya Kanada, anthosayanini, ila huku inavaliwa na mtoto. Shika hilo, maana ndilo linaloamua namna ya kupiga: jani lako ni changa, jembamba, lina maji ndani, na linapitisha mwanga.

Sote tulifundishwa kwamba jua linakaa mgongoni mwa mpiga foto. Kwa harusi, sawa. Kwa majani haya, geuka, jua likae nyuma ya jani. Jani la muputu, mmoja wa miti hii ya miombo, likitoka halijajua kusimama. Linaning'inia, laini kama sikio la mwana-mbuzi, na ukilitazama kutoka upande wa jua utasema limenyauka. Zunguka mti hatua kumi, ulitazame kutoka upande wa kivuli: linawaka. Mishipa midogo yote inaonekana kama mistari ya kiganja. Sasa tafuta kitu cheusi cha kuweka nyuma yake, shina la mti mwingine au ubavu wa kichuguu ulio kivulini. Anga jeupe nyuma ya jani linaua kila kitu.

Pima mwanga juu ya jani lenyewe. Kwenye simu, weka kidole juu ya jani kwenye skrini, ukishikilie mpaka kamera ifunge hapo, kisha vuta ile alama ya jua ishuke kidogo. Kwenye kamera mimi ninapima nukta ya katikati tu, halafu ninapunguza theluthi mbili za hatua moja ya mwanga. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kuungua. Ikiungua, jani linakuwa bapa kama mlango uliopakwa rangi, na hakuna programu itakayokurudishia ile mishipa. Zima pia urekebishaji wa rangi unaojiendesha, uweke alama ya jua au ya wingu. Mashine ikiachiwa kazi hiyo inaona wekundu mwingi, inadhani ni kosa, inaupunguza.

Saa nzuri ni chache. Asubuhi, toka kwenye mawio, karibu na saa kumi na mbili, mpaka saa mbili na nusu. Jioni, kuanzia saa kumi na nusu. Jioni usichelewe kufungua begi, kwani huku jua likizama giza halikawii. Katikati ya mchana kaa kivulini ule muhogo wako. Kufikia mwisho wa Oktoba jua la saa sita linapita utosini kabisa, na mwitu wote unakuwa hauna umbo. Mwezi wa nane kuna moshi wa nyasi zinazochomwa. Watu wanaulalamikia, na kifua changu pia hakiupendi, lakini kwa picha ya mbali una faida: unatenganisha mti wa mbele na wa nyuma, na jua la jioni linakuwa sahani nyekundu.

Rangi haiji siku moja kwa miti yote. Huu umekuwa wa divai, jirani yake wa shaba, wa tatu tayari ni wa kijani kibichi, na yote mitatu ni aina moja. Kwa hiyo usiende mara moja ukarudi umekata tamaa. Chagua kipande kidogo cha mwitu unachoweza kukifikia kila wiki, na ndani yake miti mitano au sita, uifuate. Mimi ninapendelea kipande kidogo cha karibu ninachokijua kuliko safari moja ya mbali kwenye mbuga ya Upemba.

Kwa picha ya mwitu mpana, tumia kichuguu. Vichuguu vya huku ni vilima, vingine vinapita urefu wa nyumba, na ukisimama juu yake matawi mekundu yanakuwa usawa wa macho yako badala ya kuwa juu ya kichwa. Nadhani ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo Katanga inampa mpiga foto. Piga ardhi kwa fimbo unapopanda, sababu nyoka nao wanavipenda. Na uliza kwanza kijijini. Kuna vichuguu vyenye makaburi, hivyo usivipande.

Wanyama? Niseme ukweli. Karibu na mji hutaona swala. Waliwindwa, na miti ilikatwa. Waliobaki ni wadogo, na wanatosha kabisa ukijifunza kusubiri. Palipochomwa moto siku mbili tatu zilizopita, simama pembeni: mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, atakuja kukaa kwenye tawi kavu, atashuka kukamata mdudu, kisha mara nyingi atarudi kwenye tawi lilelile. Usimfuate. Lenga tawi, weka kasi ya 1/1000 ya sekunde, umngoje arudi. Manyoya yake meusi kabisa yanahitaji mwanga zaidi, kwa hiyo hapa unaongeza badala ya kupunguza, la sivyo utapata shimo lenye umbo la ndege.

Mjusi mwenye kichwa cha buluu ni mwerevu kuliko mlamba. Dume linakaa kwenye shina, linatikisa kichwa juu chini, na ukisogea linahamia upande wa pili wa mti. Ukizunguka, nalo linazunguka. Nilipoteza asubuhi nyingi hivyo mpaka nilipomchukua mpwa wangu. Yeye anatembea polepole upande wa pili, akijionyesha. Mimi nimechuchumaa, kamera tayari, lenzi imenyooshwa mpaka milimita 300. Mjusi anamkimbia yeye, anakuja kwangu. Buluu ile juu ya gamba la kijivu, na jani jekundu moja likining'inia pembeni: foto hiyo nimeichapisha mara nne, na kila mara mtu ameinunua.

Sasa vumbi. Udongo wetu mwekundu ni laini kama unga wa bukari, ugali wetu, na unaingia popote. Mwaka wa kwanza nilibadilisha lenzi huku upepo unavuma, nikaona hakuna shida. Jumamosi iliyofuata nikapiga harusi, na madoa yakatokea mahali palepale katika kila picha, juu ya gauni jeupe la bibi harusi. Nilikaa siku tatu nikiyafuta moja moja. Tangu siku hiyo lenzi ninaibadilisha ndani ya mfuko wa plastiki, kamera ikitazama chini, imezimwa, au siibadilishi kabisa. Njiani kamera inafungwa ndani ya kitenge, kisha ndani ya begi.

Kuhusu watu ninatumia muda mrefu kuliko kwenye kamera. Begi la kamera linatia shaka, hasa katika nchi ya migodi. Usipige karibu na mgodi, barie (kizuizi cha barabarani), daraja wala askari, hata kama mti mzuri kuliko yote umesimama hapo. Fika kwa mzee wa kijiji, salimia, eleza, mwonyeshe foto za majani kwenye skrini. Mara nyingi atacheka: mtu ametoka mjini kwa ajili ya majani? Kisha atakuelekeza penye mazuri.

Hivyo ndivyo nilivyoupata muputu wangu mkubwa. Nilikuta wakata makala, yaani wachoma mkaa, wanafunika tanuru kwa udongo, na kuzunguka pale visiki tu, ila mti mmoja umesimama mwekundu mzima. Nikamwamkia mkubwa wao.

"Jambo papa."

"Jambo sana, mama."

"Mbona huu mmeuacha?"

"Una nyuki. Mtu wa mizinga ni shemeji yangu."

Nimeupiga kila Septemba tangu hapo, nikisimama kwenye jiwe lilelile, lenzi kwenye milimita 35, tundu lake kwenye f/8, saa moja asubuhi. Katika picha za kwanza kuna miti nyuma yake. Katika za sasa kuna upeo wa macho. Inauma kuziweka kwa safu, na bado ninaziweka. Nawe fanya hivyo na mti wako: jiwe lilelile, saa ileile, urefu uleule wa lenzi, tarehe kwenye jina la faili.

Asiyeweza kutoka mjini atumie mijakaranda, ambayo inachanua miezi hiyohiyo. Maua yaliyoanguka barabarani yapige asubuhi mapema, kabla magari hayajayakanyaga.

Na ukirudi, chapisha foto moja, sentimita 13 kwa 18, umpelekee yule aliyekuruhusu kupita shambani kwake. Mimi ninampelekea yule papa wa makala mbili, moja yake na moja ya shemeji yake wa mizinga.