Jinsi ya kulinganisha nchi ipi inatumia vizuri hela yake ya afya

Hapa Moshi wanafunzi wa afya ni wengi, kuna KCMC, hospitali ya rufaa yenye chuo, kuna na vyuo vingine, na msimu wa tafiti ukifika swali linakuwa lile lile, nalinganishaje Tanzania na Rwanda, au na Kenya, au na Cuba, kwenye matumizi ya hela ya afya? Wengi wanachukua bajeti wanagawa kwa idadi ya watu, pembeni wanaweka umri wa kuishi, basi hukumu imetoka, nchi fulani wanatapanya na fulani wako vizuri. Hiyo haitoshi, na inawaonea sana watu wanaofanya kazi kwenye mazingira magumu. Ngoja niwaonyeshe njia ninayoiamini, na sehemu kubwa yake unaifanya kwa kalamu na karatasi.

Kwanza ujue unapima nini. Kutumia hela kidogo sio ufanisi, unaweza ukatumia kidogo na watu wakafa. Ufanisi ni kile ulichopata ukikiweka pembeni ya kile ambacho kingepatikana kwa hela hiyo hiyo na wahudumu hao hao. Marekani 2022 ilitumia zaidi ya dola 12,000 kwa kila mtu na umri wa kuishi ukawa miaka 77.5, Japani wanafika kama 84 kwa chini ya nusu ya hela hiyo. Na kwenye ile ripoti ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2000 iliyopanga nchi 191 kwa utendaji wa jumla, Ufaransa ilikuwa ya kwanza, Marekani ya 37, ila kwenye kipengele cha afya iliyopatikana kwa hela iliyotumika aliyeongoza ni Oman. Ripoti ilikosolewa sana, maana nchi nyingi hazikuwa na takwimu kamili ikabidi zikadiriwe, na WHO hawakurudia tena kupanga nchi hivyo. Kwahiyo ukikutana na orodha yoyote ya namna hii uliza kwanza namba zimetoka wapi.

Haya, upande wa hela. Usitumie dola ya benki, tumia dola iliyorekebishwa kwa uwezo wa kununua, kwasababu mshahara wa nesi wa Moshi na wa Tokyo ni vitu viwili tofauti wakati sindano wanayochoma ni ile ile. Halafu usiishie bajeti ya Wizara ya Afya peke yake, hili kosa nalikuta kila mara. Kwetu hela ya afya inapita wizarani, inapita TAMISEMI, ile ofisi ya serikali za mitaa, na halmashauri, kuna NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na bima nyingine, kuna wafadhili, na kuna ile mgonjwa anayotoa mfukoni dirishani. Zote zinaingia, ukiacha moja nchi itaonekana ina ufanisi kumbe mzigo ameubeba mgonjwa.

Na kuna mchango ambao hauandikwi popote. Simama nje ya wodi saa za kuona wagonjwa jioni, hesabu hotpoti na chupa za chai zinazopita getini, mama mkwe kabeba ndizi nyama, dada mtu ana mashuka masafi kwenye mfuko, na kuna atakayelala pale pale kwenye mkeka ili amgeuze mgonjwa usiku. Kwenye nchi ambayo hospitali inalisha na kuogesha, kazi hiyo imelipiwa na iko kwenye hesabu za taifa. Huku kwetu ni sifuri. Sijaona fomula inayolimaliza hili vizuri, ila andika wazi kwenye utafiti wako kwamba gharama za upande huu zimepungua kwenye karatasi tu.

Sasa matokeo. Umri wa kuishi una mambo mengi ndani ambayo daktari hayawezi, barabara, bodaboda, maji, pombe, bunduki. Marekani 2022 dawa za kulevya peke yake ziliua zaidi ya watu 100,000 kwa kuzidisha dozi, hilo ni janga la jamii nzima na huwezi kulibandika lote kwenye hospitali. Bora utumie vifo ambavyo matibabu ya wakati yangevizuia, vifo vya watoto chini ya miaka 5, vya wajawazito, chanjo, wenye presha wanaopata dawa kweli. Na chanzo kiwe kimoja kwa nchi zote! Angalia vifo vya uzazi Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulitoa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatoa 104, wakati makadirio ya WHO na wenzake kwa mwaka 2020 yanasema 238. Hakuna anayedanganya hapo, njia za kuhesabu ndio tofauti. Lakini ukimchukulia mmoja 104 ya utafiti wa nchi yake na mwingine ukampa ya WHO, umeshaharibu kazi yote.

Namba za vituoni nazo zina kwao. Nenda zahanati yoyote ya huko mteremkoni, Machame au Marangu, utamkuta nesi anajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za kituo, kwa mkono baada ya foleni kuisha, huyo huyo ndiye aliyepima watoto na kuzalisha asubuhi. Kabla hujaziamini jumlisha mistari ya rejista ya mwezi mmoja ulinganishe na ripoti iliyotumwa wilayani. Zikipishana sana jua na za kitaifa huenda zina pengo kama hilo.

Halafu chagua wa kulinganishwa naye. Huwezi kupambanisha timu ya kata na timu ya ligi kuu halafu useme kocha wa kata hajui kazi. Chukua nchi zenye kipato kinachokaribiana na magonjwa yanayofanana, au kama unataka mfano wa mbali chukua zile zilizofanya vizuri kwa hela ya kawaida, Sri Lanka na Costa Rica, zote mbili zimejenga huduma kuanzia chini, wakunga wa jamii na timu za afya za mtaani.

Hesabu yenyewe inayotumika sana inaitwa DEA (Data Envelopment Analysis), inampima kila mmoja kwa aliyefanya vizuri zaidi kwenye kundi, ilitoka 1978 kwa Charnes, Cooper na Rhodes, na wazo lake ni rahisi tu. Tuseme kuna zahanati tatu, namba nazibuni. Ya kwanza ina wahudumu 4 na inahudumia wagonjwa 1,200 kwa mwezi, ya pili wahudumu 4 wagonjwa 800, ya tatu wahudumu 8 wagonjwa 1,800. Gawa, unapata 300, 200 na 225 kwa kila mhudumu. Ya kwanza ndiyo bora kwahiyo inapewa asilimia 100, ya pili inapata 67, ya tatu 75. Sasa angalia hapa maana ndipo watu wanadanganyika, ukiiambia programu ya kompyuta inayopiga hesabu hii iruhusu tofauti za ukubwa, ile ya tatu nayo inaruka mpaka 100, kwasababu hakuna mwenzake mkubwa wa kuipima naye. Hajaongeza mgonjwa hata mmoja. Kwenye nchi ni vile vile, nchi kubwa kuliko zote kwenye kundi lako inaweza kupewa maksi kamili kwa kukosa mwenzake tu. Fanya zote mbili, zionyeshe zote mbili.

Muda nao. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, tulianza nayo kwa majaribio hapa Kilimanjaro 2014, nchi nzima 2018, na mabinti waliochanjwa wengi bado hawajafika umri ambao saratani ya shingo ya kizazi inaua. Gharama iko kwenye vitabu, faida inakuja miaka mingi mbele. Ukilinganisha hela ya mwaka huu na vifo vya mwaka huu unaiadhibu nchi kwa kujiandaa, kwahiyo tumia wastani wa miaka kadhaa, na 2020 na 2021 ziweke pembeni au zihesabu peke yake maana korona ilivuruga kila kitu.

Ukishapata maksi tafuta sababu, bila hivyo kazi haina msaada kwa mtu wa wilayani. WHO 2010 walisema asilimia 20 mpaka 40 ya hela ya afya duniani inapotea, kwa dawa za bei juu wakati zipo za jina la kawaida, watu kulazwa bila haja, mashine zilizokaa. Angalia upasuaji wa uzazi pia, WHO tangu 1985 walitaja asilimia 10 mpaka 15 ya wanaojifungua, Brazil wamevuka nusu ya wanaojifungua. Namba ikiwa juu uliza hospitali inalipwaje. Ikiwa chini sana uliza kama mama anafika chumba cha upasuaji.

Mwisho ondoa kigezo kimoja, rudia hesabu, kirudishe, ondoa kingine. Nchi ikiwa inaruka kutoka ya tatu mpaka ya kumi na mbili kila ukigusa kitu, usiipe namba, iweke kwenye kundi la juu, la kati au la chini, na uandike ni kigezo gani kinachoihamisha.