Somo: Kuchagua eneokazi jepesi la Linux kwa kompyuta yenye RAM ya GB 2

Wakuu, habari za kazi. Mashine ninayoandikia somo hili ina RAM ya GB 2 na diski ya kuzunguka. Niliinunua kwa mkono wa pili, ikiwa na Debian (moja ya aina za Linux) na eneokazi (desktop, yaani sura ya mfumo unayoiona na kubonyeza) la GNOME. Nikifungua kivinjari, taa ya diski ilikuwa inawaka bila kupepesa, mshale wa kipanya unaganda katikati ya skrini, naenda kuchota maji nikirudi dirisha bado halijafunguka. Leo mashine ileile inafungua PDF za wanafunzi wangu, inaandika mitihani na inacheza video. Sikununua kifaa chochote.

Ukiuliza eneokazi gani ni jepesi, kila mtu atakutajia lake. Mimi nakuomba upime. Majina utayachagua baada ya kuona namba za mashine yako.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

free -h

Wengi hukimbilia safu iliyoandikwa "free", wanaona imebaki MB 90, wanashtuka. Hiyo isikutishe. Linux hutumia RAM isiyo na kazi kutunza faili ilizozisoma karibuni, na huiachia programu pale inapohitajika. Safu ya kutazama ni ya mwisho kulia, "available". Pima ukiwa umeingia dakika mbili zilizopita na hujafungua programu yoyote. Andika hiyo namba kwenye daftari, tutairudia.

Kisha:

lsblk -d -o NAME,ROTA

Ukiona 1, diski yako inazunguka. 0 ni SSD, diski isiyozunguka. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ndiyo inayoleta ule mgando. Mwisho andika lscpu uone mstari wa "op-mode". Kama imeandikwa 32-bit peke yake, soma swali la kwanza huko chini kabla hujaendelea.

Hatua ya 2: Eneokazi limeundwa na nini

Eneokazi si programu moja. Kuna kinachochora fremu za madirisha na kuyasogeza, kuna paneli yenye menyu na saa, kuna programu ya kufungulia mafolda, na kuna vitu vidogo vinavyokaa nyuma kimyakimya: sauti, mtandao, betri. Katika Xfce hivyo huitwa xfwm4, xfce4-panel na Thunar. Katika LXQt madirisha kwa kawaida hushikwa na Openbox, na mafolda na PCManFM-Qt. Ukilijua hili utaelewa kwa nini unaweza kupunguza kipande kimoja bila kubomoa nyumba nzima.

Hatua ya 3: Chagua wawili wa kushindanisha

Xfce ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na hadi leo ndiyo ninayompa mtu anayetoka Windows. Menyu iko pale anapoitarajia, mipangilio iko sehemu moja, na haibadiliki sura kila mwaka. Imejengwa juu ya GTK.

LXQt ilizaliwa mwaka 2013 pale maeneokazi mawili, LXDE na Razor-qt, yalipoungana. Imejengwa juu ya Qt. Lubuntu, ile Ubuntu nyepesi, iliihamia kuanzia toleo la 18.10.

Hapo kwenye GTK na Qt pana jambo ambalo wengi hulipita. Hizo ni maktaba za kuchorea vitufe na menyu, na kila moja inakula RAM. Firefox na GIMP hutumia GTK, VLC hutumia Qt. Kama siku yako nzima ni Firefox, Xfce tayari imeshapakia GTK. Ukiwa kwenye LXQt utabeba zote mbili. Ndiyo maana mtu anaona LXQt imemshinda Xfce kwa MB kadhaa wakati skrini iko tupu, halafu akifungua kivinjari ile tofauti inayeyuka.

MATE ni nzuri, iliyaendeleza yale ya GNOME 2 kuanzia 2011, ila kwa GB 2 mimi huiweka ya tatu. IceWM ni nyepesi kuliko zote nilizotaja, lakini hiyo ni ya kushika madirisha na paneli tu. Mengine utajikusanyia mwenyewe.

Hatua ya 4: Sakinisha zote mbili

Huhitaji kufuta mfumo. Maeneokazi mawili yanakaa pamoja bila ugomvi:

sudo apt update
sudo apt install xfce4 lxqt lightdm

Katikati utaulizwa ni programu gani ionyeshe ukurasa wa kuingia. Chagua lightdm. Ikimaliza, washa upya. Kabla ya kuandika nywila tafuta kitufe kidogo cha kuchagulia eneokazi, bonyeza, chagua Xfce. Kesho chagua LXQt.

Hatua ya 5: Pima tena, kwa haki

Rudia free -h kwa masharti yaleyale: dakika mbili, bila programu. Kwangu GNOME iliacha kama MB 600, Xfce GB 1.3, LXQt GB 1.4, IceWM GB 1.6. Zako zitatofautiana. Sasa fungua kazi zako halisi, kivinjari chenye kurasa tatu na hati moja, pima tena. Namba hii ya pili ndiyo ya kuamulia. Baada ya hapo kaa siku nzima na kila moja. Mkono wako utakuambia mambo ambayo free haisemi.

Hatua ya 6: Punguza

Kwenye Xfce ingia mipangilio ya ziada ya madirisha (Window Manager Tweaks), zima vivuli na uwazi. Mashine yenye kadi ya picha ya zamani hupumua papo hapo. Kisha tazama orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Zima ya bluetooth kama huitumii, ya printa kama huna printa. Usiguse nm-applet. Mimi niliizima, nikapoteza alama ya Wi-Fi na jioni nzima nikidhani kadi ya mtandao imekufa.

Hatua ya 7: zram

Kwa RAM ndogo hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Badala ya kuhamishia mzigo kwenye diski, mfumo unaubana ndani ya RAM yenyewe, na kubana ni kazi ya haraka sana ukilinganisha na kusubiri diski izunguke.

sudo apt install zram-tools

Fungua /etc/default/zramswap kwa sudo nano, weka PERCENT=50, ondoa alama ya # mbele yake, hifadhi. Halafu:

sudo systemctl restart zramswap

Andika swapon --show. Ukiona /dev/zram0, imekubali.

Ukishamjua mshindi, aliyeshindwa muondoe kwa apt purge ikifuatiwa na apt autoremove, lakini soma orodha yote kabla ya kubonyeza Y. Ukiona lightdm au network-manager humo, jibu n.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi nina GB 1 tu na prosesa ya 32-bit. Nitupe?

Jibu: Usitupe. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha 32-bit, kwa hiyo tazama antiX: wamekuwa wakitoa toleo la 32-bit na wanatumia IceWM. Kuandika, kusikiliza redio, kusoma PDF, itafanya vizuri. Kivinjari fungua ukurasa mmoja mmoja. Tovuti nzito za video hapo sikuahidi.

Swali: Nikibadilisha eneokazi, picha na kazi zangu zitafutika?

Jibu: Hapana dada. Kazi zako ziko kwenye folda yako ndani ya /home, eneokazi haliligusi. Mipangilio ya kila eneokazi iko kwenye .config. Utakachokiona ni menyu yenye programu pacha, vihariri viwili, vifungua picha viwili. Hata hivyo nakala kwenye flashi weka kabla hujaanza, kwa sababu diski za zamani hufa bila kuaga.

Swali: Naweka nywila, skrini inakuwa nyeusi sekunde moja, inanirudisha palepale kwenye nywila. Nywila ni sahihi.

Jibu: Pole mkuu, hili huwapata wengi. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi. Kwanza df -h: diski ikiwa 100%, eneokazi halina pa kuandika faili zake, linakutoa. Kama nafasi ipo, andika ls -l ~/.Xauthority. Ukikuta mwenye faili ni root (msimamizi mkuu wa mfumo), uliwahi kuwasha eneokazi kwa sudo. Rudisha umiliki:

sudo chown $USER: ~/.Xauthority

Rudi kwa Ctrl+Alt+F7, jaribu tena.

Swali: Natumia FreeBSD, siyo Linux. Somo linanihusu?

Jibu: Mawazo yake yanakuhusu, ila zram na amri za free, lsblk, lscpu, apt na systemctl ni za upande wa Linux. Kama root: pkg install xorg xfce, kisha sysrc dbus_enable=YES na service dbus start. Kwenye faili ~/.xinitrc andika exec startxfce4, toka kwenye root, uandike startx kama mtumiaji wa kawaida. Ikikataa kuonyesha picha, mara nyingi ni kiendeshi cha kadi. Sakinisha drm-kmod na utaje hapa kadi yako ni ipi.

Swali: Nimepima. Xfce imeacha GB 1.2, LXQt GB 1.3, lakini mkono wangu unataka Xfce. Nifanyeje?

Jibu: Na ukiwa umefungua kivinjari na hati yako zinaachaje? Kama zimekaribiana, baki na Xfce, weka zram, endelea na kazi.