Somo: Kifaranga wa bata hasimami. Fanya haya kabla ya kukimbilia dawa

Kila mayai yanapoanguliwa, swali linarudi lile lile: "Vifaranga wangu wa bata wameishiwa nguvu miguuni, niwape dawa gani?" Nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandika mara moja kwa urefu, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nafuga Bukavu, wengi bata wa Barbarie na wachache weupe wa Pekin. Mabata bukini nao huugua miguu kwa njia hizi hizi, kwa hiyo mwenye nao asome pia.

Shikeni hili kwanza: kifaranga wa bata asiyesimama, mara nyingi hana mdudu wa ugonjwa. Amewekwa juu ya sakafu inayoteleza, au analishwa chakula cha kuku. Oksitetra, dawa ya kuua vijidudu, haitengenezi sakafu wala haiongezi vitamini. Naona watu wakimaliza franka zao kwenye dawa hiyo huku kifaranga akiendelea kujiburuta juu ya gazeti.

Hatua ya 1. Mpe muda. Aliyetoka yai leo huyumba. Siku ya kwanza ni kawaida.

Hatua ya 2. Joto nyuzi 32 hivi juma la kwanza, kisha punguza nyuzi 3 kila juma. Ukitumia mbabula (jiko la makaa), acha hewa ipite. Hewa ya makaa haionekani, inaua vifaranga na inaua watu.

Hatua ya 3. Toa gazeti, plastiki, kartoni laini na simenti tupu. Tandika gunia la katani au taulo kuukuu.

Hatua ya 4. Mtazame akiwa amesimama au anajaribu kusimama, pembeni ya ndugu yake mzima. Usimkague ukiwa umemshika mkononi. Bata akiinua mguu, vidole vyake hujikunja na utando hufunga, ndivyo alivyoumbwa. Watu wengi wanaona hivyo wanadhani vidole vimepinda.

Hatua ya 5. Sasa amua ni tatizo lipi kati ya haya.

*Anapiga msamba.* Mguu mmoja au yote miwili inakimbilia pembeni, tumbo liko chini. Huyu anafungwa, na hapa ndipo miguu mingi iliyokuwa ya kupona inaharibika, kwa hiyo soma polepole. Chukua sparadra (plasta ya kubandika) ya kitambaa, kata ukanda mwembamba usiozidi upana wa sentimita moja. Izungushe kwenye sehemu nyembamba ya mguu, kati ya kifundo na unyayo, kisha iende mguu wa pili, na katikati uigandishe yenyewe kwa yenyewe ili isishike manyoya. Umbali kati ya miguu upime kwa ndugu yake mzima: alivyosimama yeye, ndivyo umfunge huyu. Ukibana miguu ikakaribiana ataanguka kifudifudi na hataweza kufika kwenye maji. Ukiacha pana, hujafanya kitu. Ncha ya njiti ya kiberiti ipite chini ya sparadra bila kusukumwa. Usitumie uzi, usitumie mpira wa kufungia noti, usitumie kitu chochote kinachovutika. Baada ya nusu saa rudi uangalie unyayo: ukivimba, ukipoa au ukibadilika rangi, fungua papo hapo.

Halafu maji. Kifaranga aliyefungwa anaweza kufa maji ndani ya sahani. Jaza mawe madogo safi kwenye chombo ili mdomo uingie na mwili usiingie. Fungua kila siku na umfunge upya, maana vifaranga wa bata hukua haraka na sparadra ya jana leo inakata nyama. Kwa kawaida siku tatu nne zinatosha kama umeanza siku za mwanzo. Akipita juma moja, mifupa na nyonga zimeshakuwa ngumu na nafasi inapungua sana. Kubandua, pakaza mafuta kidogo ya kupikia kwa pamba juu ya gundi tu, si juu ya manyoya.

*Vidole vimejikunja hata akisimama.* Kata kipande cha kartoni ngumu chenye umbo la unyayo wa bata, nyoosha vidole juu yake, bandika sparadra. Siku moja au mbili. Kama ni vifaranga wengi kwa pamoja, kartoni peke yake haitoshi: huenda joto la kuvezi (mashine ya kuangulia mayai) lilikuwa linapanda na kushuka, umeme ukikatika, au mama yao alikosa vitamini B2 alipokuwa anataga.

*Miguu imepinda kama upinde, vifundo vimenenepa, anatembea hatua mbili anakaa, au anatembea kwa vifundo.* Huyu hasa ndiye anayeletwa kwangu. Ni upungufu wa niasini, vitamini B3, ambayo kwenye makaratasi ya farmasi zetu mtaiona pia kwa jina la vitamini PP au nikotinamidi. Chakula cha bata kinahitaji miligramu 55 hivi kwa kilo. Kifaranga wa kuku anatosheka na 27 hadi 35. Basi ukimpa bata chakula cha kuku, au unga wa mahindi peke yake, miguu inalegea kabla hajafika majuma matatu.

Kwa aliyeanza kuugua: miligramu 500 ndani ya lita 4 za maji ya kunywa, ubadilishe kila siku. Vitamini hii huyeyuka majini, na inayozidi hutoka na mkojo. Ukiwahi, utaona tofauti ndani ya siku chache. Baada ya hapo usiache: endelea na miligramu 100 hadi 150 kwa lita 4 mpaka wafikishe majuma nane hadi kumi, au urekebishe chakula. Hamira ya bia iliyokaushwa, ile isiyochachua tena, ni nzuri kuliko zote. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa bila chumvi na kutwangwa wanasaidia. Pumba za mchele zinasaidia. Karanga pia zina niasini nyingi, ila hapa nawasihi: karanga zenye ukungu, hata ukungu kidogo, zisifike kwa vifaranga wa bata. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, inawaua bata wepesi kuliko kuku. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga wengi mno walipokufa Uingereza kwa mashudu ya karanga. Machicha ya bia yaliyolala siku mbili kwenye joto ni hatari ile ile.

*Mguu mmoja umegeuka pembeni au nyuma, kifundo kimevimba.* Pitisha kidole nyuma ya kifundo cha mguu mzima: utasikia kano imesimama katikati kama kamba. Kwenye mguu mgonjwa nyuma ni bapa, kano imeteleza pembeni. Nyoosha mguu kuelekea nyuma taratibu hadi kano ilegee, isukume kwa kidole gumba irudi katikati, kunja mguu kidogo, funga kwa bande laini ukiwa umekunjwa kawaida. Inashika ukiwahi siku hiyo hiyo au inayofuata. Ikitoka tena na tena, kifaranga anaumia na hatapona. Kumchinja ni huruma. Kwa waliobaki, tafuta madini ya manganizi na kirutubisho cha kolini kwenye chakula: pumba, soya iliyopikwa, yai lililochemshwa.

*Kifundo kimoja ni cha moto, kimevimba, kifaranga amezubaa.* Huyu ndiye anaweza kuwa na maambukizi. Mpeleke kwa veterineri. Usikisie dawa.

Hatua ya 6. Mazoezi. Beseni la maji ya vuguvugu, kina cha kuelea huku vidole vikigusa chini, dakika chache mara mbili kwa siku. Usimwache peke yake, na sparadra itoke kwanza. Mkaushe vizuri, maana kifaranga asiye na mama yake hana mafuta ya kuzuia maji na baridi ya Bukavu itammaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Kadutu: Miguu ya bata wangu ni mibaya. Dawa gani?

Jibu: Umri? Sakafu? Wanakula nini?

Kijana wa Kadutu: Majuma matatu. Unga wa mahindi. Niwafunge miguu?

Jibu: Usiwafunge. Kufunga ni kwa anayepiga msamba katika siku zake za mwanzo, nimeandika. Wako wana njaa ya niasini. Nenda farmasi leo, kesho utakuwa umechelewa kwa siku moja zaidi.

Mama wa Bagira: Yaya, aksanti kwa somo. Farmasi wamenipa B-complex, karatasi inasema nikotinamidi miligramu 20 kila kidonge. Vidonge vingapi?

Jibu: Mama, umefanya vizuri kusoma karatasi, wengi hawasomi. Hesabu miligramu, usihesabu vidonge. Kwa wagonjwa tunataka 500 kwa lita 4, yaani 125 kwa lita moja. Kwa vidonge vyako ni sita kwa kila lita. Kwa kinga, vitano hadi saba kwa lita 4 vinatosha. Visage sana, maana ganda la juu haliyeyuki haraka na unga hutulia chini. Mimi huchanganya unga huo na chakula kilicholowanishwa kidogo, ili kila mmoja apate sehemu yake. Kile dhaifu mlishe kando, wenzake watamsukuma.

Mtu wa Panzi: Nilifunga na uzi wa kushonea, sasa mguu mmoja umekuwa wa bluu. Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Kata uzi sasa hivi, kabla hujasoma mstari wa pili. Niliandika wazi: usitumie uzi. Ukishaukata, weka mguu kwenye maji ya vuguvugu, usisugue kwa nguvu. Rangi ikirudi ndani ya saa chache, utapona. Usimfunge tena mpaka uvimbe uishe, na ukimfunga, sparadra.

Mwalimu wa Lubumbashi: Kitu kimoja kinanisumbua. Huku kuku na bata wote wanakula mahindi banda moja. Kuku wanakimbia, bata wanakaa. Kwa nini?

Jibu: Mwalimu, hilo ndilo swali ningependa wote waulize. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutoka kwenye kipande cha protini kinachoitwa triptofani. Kuku anaiweza kazi hiyo kiasi. Bata anaiweza kidogo sana, kwa hiyo lazima aipate tayari kwenye chakula. Mahindi yanamwangusha mara mbili: yana triptofani kidogo, na niasini yake imefungwa hivi kwamba tumbo haliwezi kuifungua. Si bata peke yake. Watu walioishi kwa mahindi matupu, kusini mwa Marekani kwa mfano, waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kwamba asidi ya nikotini inaponya ugonjwa unaofanana na huo kwa mbwa. Wenyeji wa Amerika ya Kati walikuwa wamejikinga tangu zamani: wanachemsha mahindi kwa chokaa, na chokaa inafungua niasini. Kwa banda lako, usibadilishe chakula cha wote. Ongeza sambaza au fretini (samaki wadogo wakavu) iliyotwangwa na hamira kwa bata.

Mwalimu wa Lubumbashi: Na hizo zikimdhuru kuku akizila?

Jibu: Hazimdhuru. Chumvi tu ndiyo uogope, kwa kuku na kwa bata. Samaki wa chumvi hapana.

Mfugaji wa Goma: Banda langu liko juu ya mawe ya volkano. Wakubwa wana uvimbe chini ya unyayo wenye doa jeusi katikati. Ni niasini pia?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Yale mawe yanachana ngozi, vijidudu vinaingia kwenye kidonda, usaha unagandia ndani. Loweka unyayo kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, kausha, paka dawa ya vidonda, funika. Uvimbe mkubwa na mgumu unahitaji kufunguliwa na veterineri, usichimbe kwa wembe. Halafu mwaga udongo au mchanga juu ya mawe, unene wa kiganja, na maranda juu yake. Vifaranga wasikanyage mawe matupu hata siku moja.

Mfugaji wa Goma: Mchanga nitapata. Na maranda kwa walioanguliwa leo?

Jibu: Subiri siku tatu nne, wajue kwanza chakula ni kipi. Wakiwa wadogo wanakula maranda.

Mama wa Bagira: Samahani natoka nje ya somo kidogo. Nimemwatamisha kuku mayai ya Barbarie. Majirani wanasema yameoza kwa sababu siku 21 zimepita.

Jibu: Usiyatupe, mama! Siku 21 ni za kuku. Pekin ni 28, Barbarie ni 35 hivi. Yamulike usiku kwa tochi ya simu: likiwa na giza ndani na nafasi ya hewa upande mnene, huenda lina uhai. Kuku huchoka kukaa muda huo, mwekee chakula na maji karibu. Mayai ya bata ni mazito kwake, kwa hiyo yageuze kwa mkono mara mbili kwa siku, na siku za mwisho yanyunyizie maji ya vuguvugu. Wakitoka, tandika gunia kabla hawajakauka.

Kijana wa Kadutu: Nimepata vidonge. Mmoja amesimama kula leo asubuhi. Naweza kuacha?

Jibu: Usiache. Endelea mpaka majuma nane hadi kumi, na unga wa mahindi peke yake uishe leo. Soko la Kadutu lina sambaza, anza na kikombe kimoja.