Mayai ya banda langu yafike Idi: ninavyoyahifadhi hapa Tanga

Mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji anajua: kuna wakati mayai ni ya kugawia majirani, kisha mitetea wanaanza kuatamia, wengine wananyonyoka manyoya, na banda linakauka. Kwangu Makorora ukame huo hupenda kuangukia Ramadhani, wakati kila nyumba inataka keki na biskuti za Idi na bei ya trei imepanda. Kwa hiyo nayaweka akiba mapema, na kazi hiyo inaanzia kwenye kiota, yai likiwa bado na joto la kuku.

Ganda la yai lina matundu madogo kwa maelfu. Kuku anapotaga hulipaka utando mwembamba unaoziba matundu hayo, na ukiliosha umeuondoa. Basi yai la kuhifadhi halioshwi, wala halifutwi kwa kitambaa kibichi. Badala yake safisha kiota: maranda makavu, yabadilishwe kila yakichafuka, na mayai yaokotwe asubuhi na tena alasiri. Lililopakwa kinyesi au lenye ufa liende jikoni siku hiyo hiyo, liive vizuri.

Jogoo naye ana mambo yake. Yai lenye mbegu huanza kukua joto likizidi kama nyuzi 27, hata bila kuku kulilalia, na sisi kaskazi ikivuma, Januari hadi Machi, tunapita nyuzi 30 mchana. Ndiyo maana mtu anapasua yai la "juzi tu" akakuta viza. Mayai ninayotaka kuyaweka huyakusanya jogoo akiwa ametengwa, na simtengi leo nikaanza kukusanya kesho, kwani mtetea huendelea kutaga yenye mbegu wiki mbili hadi tatu baada ya kuachana naye.

Kwa mayai mazima, friji inatosha. Yapange kwenye trei ncha iliyochongoka ikiwa chini, ili ile nafasi ya hewa ikae juu na kiini kibaki katikati. Yaweke ndani kabisa, si mlangoni ambako kila anayetafuta maji ya baridi anayapiga joto, na mbali na samaki na vitunguu, maana harufu hupenya ganda. Andika tarehe kwa penseli. Mimi huyapa miezi miwili. Yakishaingia friji usiyatoe na kuyarudisha: kwa unyevu wetu wa pwani, yai la baridi likikaa mezani kidogo tu linatoka jasho, na jasho hilo linasaidia vijidudu kuingia ndani. Toa ya kupika tu.

Najua wapo wanaoyazamisha kwenye maji ya chokaa, gramu 30 hivi za chokaa iliyozimwa kwa lita moja ya maji. Njia hiyo ni ya zamani na ilisaidia watu wa nchi za baridi wenye vyumba vya chini ya nyumba. Nyumba zetu za bati hazina chumba kama hicho, na chokaa ya kujengea si ya kuchezea na chakula. Siishauri Tanga.

Akiba ya muda mrefu ni friza, na hapo yai halikai na ganda, litapasuka. Pasua moja moja kwenye kikombe kidogo kwanza, ulinuse, ndipo umimine kwenye bakuli. Koroga kwa uma taratibu mpaka ute na kiini vichanganyike, bila kutoa povu, kisha chuja. Sasa usisahau hili: kiini kikiganda chenyewe kinakuwa kizito na hakichanganyiki tena. Kwa kila kikombe cha mililita 240 tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, au kijiko kimoja na nusu cha chakula cha sukari. Chumvi kwa vimanda na katlesi, sukari kwa keki. Ute mtupu hauhitaji kitu.

Mimina kwenye trei za barafu, na ikishaganda hamishia vipande kwenye mfuko mzito, utoe hewa, uandike tarehe na "chumvi" au "sukari", kwani kwa macho huwezi kutofautisha. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri yatakaa hadi mwaka. Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Iliyojaa hushika ubaridi kama saa 48, iliyo nusu kama 24, kwa hiyo mimi hujazia nafasi kwa chupa za maji.

Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, na yatumike siku hiyo hiyo, yaive kabisa. Yaliyokwisha kuyeyuka hayarudi friza. Vijiko vitatu vya chakula ni sawa na yai moja kubwa. Keki ikitaka mayai manne, napima vijiko kumi na viwili vya yale ya sukari, napunguza kijiko kimoja cha sukari kwenye kipimo changu, na unga wala iliki sigusi.