Jinsi ya kuona slaidi za RSE (somo la mahusiano na elimu ya kujamiiana) za mwanao kabla hajafundishwa, kwa wazazi tulioko England

Wazazi wenzangu, nawaandikia nyie ambao ikifika mwezi wa 5 mnapokea ile barua ya shule kwamba wiki fulani watoto wa mwaka wa 5 na wa 6 watakuwa na vipindi vya kukua kwa mwili na mahusiano, alafu usiku huohuo kwenye grupu la WhatsApp inaanza kuzunguka picha ya katuni, haina jina la shule wala la kitabu, mtu kaandika chini yake "haya ndo wanayofundishwa wanetu". Mi mwenyewe nimeforwadi hizo picha, sikatai. Sa hivi ikiletwa nauliza tu, hii ya shule gani, darasa la ngapi, na grupu zima linanyamaza. Wakati slaidi zenyewe zipo kwenye laptopu ya mwalimu, na ukiomba kuziona unaonyeshwa, sema kuomba kwenyewe kuna namna yake.

Haya ni ya England tu. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, Wales kwa mfano mzazi hawezi kabisa kumtoa mtoto kwenye somo hili.

Anza na tovuti ya shule, tafuta sera ya RSE. Tangu Septemba 2020 shule za serikali zinatakiwa ziwe na sera ya maandishi, ziwashirikishe wazazi wakati wa kuiandika, ziiweke kwenye tovuti na anayeomba kopi apewe bure. Usiisome yote, nyingi zimekopiwa zinafanana hadi koma. Shuka mpaka mwisho kule kwenye jedwali la nani anafundishwa nini mwaka gani, hapo ndo penyewe. Angalia pia kama wametaja paketi waliyonunua, maana shule nyingi za primari hazitungi vipindi hivi zenyewe, wanalipia kitu kama Jigsaw, SCARF au Kapow, na ukishajua jina la paketi unajua unaomba nini. Shule nyingi za Kikatoliki wanatumia Life to the Full ya Ten Ten, ile ina ukurasa wa wazazi kabisa, unaomba shule wakupe neno la siri unaangalia umejilaza kitandani.

Sasa barua pepe. Ya kwanza niliandika kwa jazba, "naomba kujua mnamfundisha nini mwanangu", nikajibiwa kwa kipeperushi chenye picha ya familia inacheka na mistari minne. Nilijitakia. Ya pili nikaandika kama naagiza spea Kariakoo, kitu gani, cha mwaka gani. Nikaweka jina la mtoto na darasa, nikasema kabla ya vipindi vya wiki ile naomba kuangalia slaidi zote, video, karatasi za kazi na vitabu vya hadithi vitakavyosomwa, na kama kuna mgeni wa nje atakuja kufundisha basi naomba na vya kwake pamoja na jina la taasisi yake. Alafu nikauliza lile boksi la maswali, maana watoto wanatumbukiza vikaratasi bila majina, je anayejibu ni nani na swali lililozidi umri wanalifanyaje. Mwisho nikaweka siku tatu ninazoweza kufika. Kiingereza chepesi kinatosha, usitafute mtu akuandikie kama wakili utawatisha bure. Mtumie mwalimu wa darasa, kopi kwa mwalimu anayesimamia PSHE, kwenye shule nyingi ndo somo ambalo haya yote yamewekwa ndani yake.

Ofisi ikanijibu hawawezi, vifaa ni vya kampuni, hakimiliki. Hapo ndo wengi tunaishia, tunarudi kulalamika kwenye grupu. Sasa shika hii: mwaka 2023 waziri wa elimu wa wakati ule, Gillian Keegan, aliandikia shule mara mbili juu ya jambo hilihili, mwezi wa 3 na tena mwezi wa 10, akasema hakimiliki haizuii mzazi kuonyeshwa, na kipengele cha mkataba kinachokataza shule kuonyesha wazazi hakina nguvu. Na mwongozo mpya wa serikali uliotoka Julai 2025, ambao tarehe yake ya kuanza kazi ni 1 Septemba 2026, umeyaingiza humohumo, shule iwaonyeshe wazazi mifano ya vifaa, na mzazi akiomba kuona vyote aone. Nikajibu mistari miwili tu, nikataja ile barua ya Oktoba, bila ukali wowote. Kesho yake nikapewa miadi, Alhamisi saa tisa na nusu.

Ila kuona ni tofauti na kuondoka navyo. Wanaweza kukuita ukaangalie shuleni, na ukishindwa kufika wanaweza kukupa kopi kwa kukusainisha kwamba hutaisambaza. Kwahiyo ukikaa pale usitoe simu ukaanza kupiga picha slaidi moja moja za kupeleka grupu, utaharibia na wenzio watakaokuja nyuma yako. Beba daftari na kalamu. Beba na miwani.

Mi niliwekwa maktaba ya shule, kwenye vile viti vya watoto magoti yanafika kidevuni, mwalimu kijana kabisa kakaa pembeni uso mwekundu kunishinda mimi. Slaidi zilikuwa 41, nilihesabu. Nyingi ni za kuoga, jasho, chunusi, hasira za kubalehe. Kuna moja ina picha ya pedi imefunguliwa, mishale inaonyesha upande wa kubandika, na chini imeandikwa zinapopatikana pale shuleni na umuombe nani. Nikakumbuka mi yaliponikuta nilikuwa darasani nimevaa sketi ya bluu nikajifunga sweta kiunoni mpaka jioni. Kuna karatasi ya mchoro wa mwili, mtoto anaunganisha kwa mstari jina na kiungo, majina yenyewe ya kitabibu, hakuna mafumbo. Hapo ndo nikagundua mi sina hata neno la Kiswahili ninaloweza kulitamka mbele ya binti yangu bila kukohoa, tumekua na "huko chini" basi, kwetu Tanga hiyo kazi ilikuwa ya somo, yule mwanamke anayemfunda binti, mama hakwambii kitu. Huku somo hayupo, na shangazi yake bando linakatika katikati ya simu.

Slaidi tatu za mwisho ndo zilinifanya nisogeze kiti, zile za mimba inavyotungwa. Katuni, hakuna uchafu, lakini kwa umri wa miaka 10 nilitaka asikie kwangu kwanza. Nikaandika tarehe ya kipindi kile, nikamwambia mwalimu kwamba nitaongea naye mwenyewe kabla ya hapo, akaniambia sawa. Ile picha ya WhatsApp haikuwemo.

Kitu kingine, kama Kiingereza kinakusumbua nenda na mtu mzima unayemwamini au uliza shule kama wana mkalimani. Usimchukue mtoto mwenyewe akutafsirie slaidi za hedhi, utamfanya asiingie tena kwenye chumba ulichokaa.

Kama umeshaona na bado hutaki, kumtoa kunaruhusiwa ila sio kila kitu. Unaweza kumtoa kwenye elimu ya kujamiiana peke yake. Mahusiano humtoi, kubalehe na hedhi humtoi maana hayo ni elimu ya afya, na yaliyomo kwenye sayansi humtoi. Unamwandikia mwalimu mkuu. Primari akipata ombi anatakiwa akubali, sekondari atakuita muongee kwanza na kwa kawaida anakubali, ila ikibaki mihula mitatu mtoto afikishe miaka 16 uamuzi unakuwa wa kwake, akitaka kuhudhuria shule inampangia. Mi sikumtoa, maana ukimtoa atahadithiwa mapumzikoni na wenzie waliohudhuria, na hadithi ya mapumzikoni we unaijua ilivyo.

Ukikwama kabisa, hujibiwi au unazungushwa, kuna sheria ya uhuru wa taarifa ya mwaka 2000. Shule ya serikali na akademi zote ziko chini yake, za binafsi hapana. Unaandika tu kwamba unaomba taarifa kwa sheria hiyo, jina lako kamili, anuani ya kukujibu, huulizwi sababu. Wana siku 20 za shule, na siku za shule maana yake likizo haihesabiwi, kwahiyo ukituma katikati ya Julai jua limekwisha, utasubiri hadi watoto wameshavaa makoti, japo haitakiwi ipite siku 60 za kazi. Na sio njia ya uhakika kama watu wanavyosema, kuna mama wa London alifuatilia hivi vifaa mpaka kwenye baraza la rufaa la taarifa na 2023 akakataliwa. Ndo maana mi nasema omba kuona kwanza, kopi baadae.

Malalamiko nayo yana ngazi, mwalimu, mwalimu mkuu, bodi ya shule kwa utaratibu ulioko kwenye tovuti yao, ndo uende wizarani. Usiruke ngazi watakurudisha chini. Na usianzie getini na bango. Birmingham mwaka 2019 wazazi walisimama nje ya shule ya msingi wiki baada ya wiki, mwisho wake mahakama ikapiga marufuku kuandamana pale.

Mdogo wake yuko mwaka wa 4 sasa hivi. Barua yangu ya kuomba kuona naituma mwezi wa 2, kabla ofisi haijaanza kuelemewa na mambo ya mitihani ya SATS.